Ubao Huu ni wa Mti Gani? Jina la Mti ni Ushahidi

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha Nabii Nuhu kuunda jahazi kwa mbao na misumari, na akamlainishia Nabii Daudi chuma akafuma deraya. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na Ahali zake, na Sahaba zake.

Ama baada ya haya. Msomaji mpenzi, katika nyumba zetu za pwani, na katika nyumba nyingi za bara ambazo wazee wake walitoka pwani, vimo vitu vya mbao vya kale: makasha, viti vya enzi, vitanda vya besera, marufaa ya kusomea Msahafu, na milango ya nakshi. Vitu hivi watu huvipa majina ya miti. Huyu atakwambia, kasha hili ni la mpingo. Yule atasema, kiti hiki ni cha msaji. Ukimwuliza umejuaje, atakujibu: si unaona cheusi? Basi ni mpingo. Au: si cha zamani? Basi ni msaji. Au atakujibu jibu baya kuliko yote: yule mnunuzi wa vitu vya kale ndiye aliyesema.

Makala haya ni ya kuyahakiki majina hayo. Najua atatokea mtu aulize, sheikh ana nini na mbao? Kazi hiyo si ya seremala? Nitamjibu kwa habari iliyomo katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim.

Watu walibishana juu ya mimbari ya Mtume (S.A.W.), kwamba imeundwa kwa mti gani. Wakamwendea Sahl bin Saad As-Saidi (R.A.), sahaba aliyeishi umri mrefu. Sahl hakuwacheka kwa kuuliza jambo la mbao. Aliwaambia kuwa analijua jambo hilo, akawaeleza kwamba ni mti wa athl uliotoka Ghaba, karibu na Madina. Akawaeleza habari ya fundi aliyeiunda na ya bibi aliyeagizwa amwamrishe fundi huyo. Na akawaeleza kwamba yeye mwenyewe aliiona siku ya kwanza ilipowekwa.

Yatazame, msomaji, maneno ya mtu mkweli yalivyo. Ametaja mti, na mahali ulipotoka, na fundi, na njia ambayo yeye ameyajua hayo. Kisha tazama jambo la tano, nalo ndilo kubwa. Athl ni mti wa nchi kavu, wenye majani membamba kama nyuzi. Si abunusi, wala si msandali, wala si mti ambao wafalme huuagiza kutoka mbali. Lau kama Sahl angetaka kuipamba mimbari kwa ulimi, nani angempinga? Lakini hakuipamba. Mimbari ile ilitukuka kwa aliyesimama juu yake, na mti wake ukaitwa kwa jina lake.

Basi huo ndio mizani nitakaoupimia majina yetu. Nimeyaona makosa matatu yanarudiwa kila siku.

Kosa la kwanza: kuutaja mti kwa rangi

Kila cheusi kwa watu wa leo ni mpingo. Na weusi ndio kitu chepesi kuliko vyote kutengenezwa. Mafundi wasio na hofu ya Mungu huchukua mti mweupe laini, wakaupaka rangi ya viatu, wakausugua mpaka ukang'aa, wakamwuzia mgeni kwa jina la mpingo. Na kwa upande wa pili, ipo miti mizito ya asili iliyoingia weusi kwa moshi wa taa, kwa mafuta ya mikono ya vizazi vitatu, na kwa vanishi iliyopakwa juu ya vanishi. Rangi ya juu ya kasha la kale ni habari ya nyumba lilimokaa. Habari ya mti iko chini yake.

Wengine wakikwangua kidogo wakaona weupe hupiga kelele: ni mpingo wa bandia! Nao pia wameharakisha. Mpingo wenyewe una moyo mweusi na ganda la ndani la manjano yaliyofifia, na fundi mara nyingine huliacha hilo ganda katika kazi yake. Weupe mmoja hautoshi kumhukumu mtu, kama vile weusi mmoja haukutosha kumsadiki.

Kosa la pili: kuutaja mti kwa nasaba ya kitu

Makasha yenye njumu za shaba huitwa "ya Kiarabu", na watu wakadhani kwamba na mbao zake ni za Uarabuni. Ni mtu gani aliyeuona msitu wa msaji Maskati? Msaji ulikuja kwa majahazi kutoka Bara Hindi, na makasha mengi yenyewe yaliundwa huko, Surat na Bombay na pwani ya Malabar, kisha yakauzwa Maskati, Lamu, Mombasa na Unguja. Bibi wa Kiingereza, Sheila Unwin, aliyekaa miaka mingi katika nchi hizi akiyakusanya habari zake, alitoa kitabu kizima mwaka 2006, na ndani yake ameyaeleza makasha ya Kihindi kwa marefu na mapana. Lakini jina la kitabu bado ni *The Arab Chest*, yaani kasha la Kiarabu. Simlaumu sana, kwani ndilo jina lililozoewa sokoni. Nasema tu kwamba jina la mwenye duka limeshinda jina la mwenye patasi.

Na hili lina uzito katika dini yetu. Nabii Shuaibu (A.S.) aliwakataza watu wake wasipunje vipimo, na akawakataza wasiwapunguzie watu vitu vyao. Wanavyuoni wanatuambia kwamba katazo hili la pili ni pana kuliko la kwanza. Fundi wa Malabar, na fundi wa Siyu, na fundi wa Unguja, kila mmoja ana haki ya kutajwa kwa kazi yake. Kumpa mwingine kazi yao ni kuwapunguzia.

Kosa la tatu: kuutaja mti kwa bei

Hili ndilo lenye madhara zaidi, na nitalieleza kwa jambo lililotokea mkoani Singida.

Mwaka juzi niliitwa upande wa Manyoni kusaidia kugawa mirathi. Msomaji wa pwani asishangae kukuta kasha la njumu kule. Njia ya misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita kusini mwa mkoa wa leo wa Singida, katika pori lililoitwa Mgunda Mkali. Wajerumani wakajenga boma lao Kilimatinde. Kisha reli ikapita Manyoni na Itigi, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Watu wa pwani walikwenda na njia hizo, wengine wakaoa, wakajenga misikiti, wakazikwa huko. Vyombo vyao vikabaki.

Marehemu aliacha mke, na binti wawili, na mtoto mmoja wa kiume ambaye hajabaleghe. Katika mali mlikuwa na kasha lililotoka kwa babu yake. Mnunuzi mmoja wa vitu vya kale alikuwa ameshafika kabla yangu. Yeye alisema kwamba ni mbao hafifu za masanduku ya shehena zilizopakwa rangi, akataka kulichukua kwa bei ya godoro. Ami wa watoto akasema hapana, hili ni mpingo mtupu, haliondoki hapa ila kwa bei ya gari.

Unaona? Jina moja limeteremshwa ili kununua, na jina jingine limepandishwa ili kuuza. Kati ya wawili hao hapana hata mmoja aliyelitazama kasha. Na mkononi mwao mlikuwa na thumni ya mjane na fungu la yatima. Mwenye kukadiria mali ya yatima kwa jina la uongo, likiwa la kushusha au la kupandisha, amecheza na jambo ambalo Qur'ani, katika Sura ya An-Nisaa, imelitolea onyo la moto. Akilishusha, mali inatoka kwa thamani ndogo. Akilipandisha, huenda yatima akapewa kasha kuwa ndilo fungu lake, wenzake wakachukua ng'ombe na shamba, na siku atakayotaka kuliuza akakuta amepewa jina tu.

Nikaomba kasha litolewe nguo, lipinduliwe, na aitwe seremala mzee wa hapo.

Kwanza tukalitazama mahali pasipo na mapambo, yaani chini, nyuma, na ndani ya watoto wa kasha, ambako hakuna aliyepaka rangi. Tukakuta kwamba tulikuwa tunabishana juu ya mti mmoja, na kumbe kasha ni la miti mitatu. Uso wake na kifuniko, penye njumu, ni ubao mzito wa kahawia iliyochanganyika na zambarau, wenye michirizi myeusi. Nyuma na chini ni ubao mwepesi zaidi, wa rangi ya asali iliyoiva, wenye kuteleza mkononi kama uliopakwa mafuta. Na miguu miwili kati ya minne ilikuwa ya ubao mwingine, mwekundu wa kahawia.

Yule seremala akaigusa ile miguu miwili akasema, huu ni mninga, mti wa kwetu. Hakuhitaji zaidi. Miombo ya upande ule ina mninga, naye ameupigia randa maisha yake yote. Kisha akaugusa uso wa kasha, akaunusa mahali tulipokwangua, akasema: huu si mti wa kwetu, siujui. Wallahi, katika maneno yote yaliyosemwa juu ya kasha lile, hilo lilikuwa neno la kwanza la elimu. Anayeijua miti ya kwao ndiye anayeweza kusema huu si wa kwetu. Asiyejua hata mmoja ndiye anayejua yote.

Ule wa nyuma tuliutambua kwa kichwa cha ubao, mahali ulipokatwa na msumeno. Tulikata kwa wembe mpya kipande kidogo kama punje ya mchele, tukakitazama kwa kioo cha kukuzia. Msaji vitundu vyake vikubwa vimejipanga safu kwa safu, vikifuata pete za mti. Mvule, ambao wengi huuchanganya na msaji, vitundu vyake vimetawanyika na vimezungukwa na weupe. Ule ulikuwa na safu, na ulikuwa na mafuta, na ulikuwa na ile harufu ya msaji inayofanana na ngozi ya kale.

Ukabaki uso. Je, ni mpingo kama alivyosema ami? Tukachukua kibanzi kutoka upande wa ndani, pasipo na vanishi, tukakitia katika bilauri ya maji. Mpingo hauelei. Mita moja ya ujazo ya mpingo ina uzito wa kilo 1,200 hivi, na ya maji ni kilo 1,000. Kibanzi kile kilielea. Basi likaanguka neno la ami. Na uzito wake na ugumu wake ukaliangusha neno la mnunuzi.

Lakini fahamu, msomaji, kwamba maji yametwambia tu usio. Hayakutwambia ulio. Na kupima uzito hakufai kila mahali, kwani msaji na mninga hukaribiana, kila mmoja kiasi cha kilo 650, na mizani haiwezi kuwatenganisha. Kwa ile rangi ya zambarau, na michirizi, na harufu tamu iliyotoka kwenye mkwaruzo mpya, ubao ule ulielekea kuwa ni ule mti wa India ambao wazee wetu wa pwani waliuita sesemi. Mti huo ni wa jamii moja na mpingo, kama binamu. Wataalamu huziita jamii hizo kwa jina la *Dalbergia*. Ndiyo maana watu huwachanganya. Abunusi wa kweli wa India na Ceylon ni ukoo mwingine kabisa, hata kama wote wanaitwa weusi.

Neno hili, sesemi, vijana wetu wa pwani leo hawalijui. Mti ungali ndani ya nyumba na jina limekwisha kutoka. Ndipo akaja mgeni akatupa jina analolitaka yeye.

Katika karatasi ya mirathi tuliandika hivi: uso na kifuniko, ubao mzito wa kigeni, si mpingo, yaelekea ni sesemi, nyuma na chini, msaji, miguu miwili, mninga, kazi ya hapa. Hatukuongeza. Tukataka kasha likadiriwe na watu wawili waadilifu wenye ujuzi, na lisiuzwe mpaka hapo. Anayetaka yakini zaidi, njia ipo. Taasisi ya Utafiti wa Misitu, TAFORI, iliyoundwa mwaka 1980, ina makao yake Morogoro na ina kituo cha mambo ya mbao Moshi. Na hata wataalamu, kwa kutazama ubao peke yake, mara nyingi hufikia ukoo wa mti wakasimama hapo, bila ya kutaja ni ndugu yupi katika ukoo huo. Kusimama mahali elimu iliposimama si aibu. Ndiyo adabu yetu ya kusema Allahu aalam.

Ghashi na ukarabati

Sasa nataka kulihukumu kasha lenyewe, kwani kuna mtu aliyesema pale: kama lina miti mitatu, basi lina ghashi.

La. Fundi aliyeliunda aliweka mti wa thamani panapoonekana, na msaji usio na nakshi panapoegemea ukuta. Hilo halikufichwa. Mnunuzi akiligeuza analiona. Na msaji wa nyuma si mti wa kudharauliwa, kwani mchwa hauupendi, na huko nyuma na chini ndiko mchwa huanzia. Huyo alifanya hesabu ya fundi mwenye akili.

Na yule fundi wa Singida aliyeitia miguu miwili ya mninga, mimi namsifu zaidi. Alitumia mti mzuri wa nchi yake, akaufuata umbo la miguu ya zamani, akaunga barabara, na hakuupaka rangi nyeusi ili ufanane na wenzake. Kila mwenye macho anaona kwamba hapa kulikuwa na ugonjwa na hapa pametibiwa. Huo ni ukarabati. Ghashi ni pale aibu inapofunikwa.

Sote twaijua habari ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni kwenye chungu ya chakula, akaingiza mkono wake, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akadai kuwa ni mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakuuweka ule uliolowa juu watu wauone, kisha akajitenga na kila mwenye kughushi. Ulowevu ulikuwa wa Mungu. Kosa lilikuwa kuuweka chini. Vivyo hivyo mguu wa mninga si kosa, na tobo la mdudu si kosa. Kosa ni kulijaza tobo kwa nta na kusema ni kasha zima. Katika madhehebu yetu ya Kishafii, mnunuzi akikuta aibu iliyokuwapo kabla ya kununua naye hakuijua, ana hiari ya kukirudisha kitu. Basi muuzaji wa "mpingo" uliopakwa rangi ya viatu asidhani kuwa biashara yake imekwisha alipopokea fedha.

Na liko jambo la sheria ya nchi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 haimruhusu mtu kuvitoa nje ya nchi vitu vya kale vinavyohifadhiwa bila ya kibali, na imeitaja hata milango na fremu zilizochongwa kabla ya mwaka 1940. Tena tangu tarehe 2 Januari 2017, jamii nzima ya *Dalbergia*, mpingo na sesemi pamoja, imewekwa chini ya mkataba wa mataifa unaosimamia biashara ya miti na wanyama walio hatarini. Msaji haumo katika ukoo huo. Kwa hiyo anayesema "msaji" penye sesemi huenda akamtia mwenziwe matatani mpakani, na anayesema "sesemi" penye msaji amemtisha bure.

Nasaha kwa wenye nyumba

Msomaji mpenzi, nakuusia mambo machache.

Usiuze kitu cha mbao siku ile ile kilipoulizwa bei. Anayekuharakisha anaogopa usije ukakitazama.

Usikikwangue mbele, penye nakshi. Kitazame chini na ndani. Usikipake rangi wala vanishi mpya kabla hujakijua, kwani utakuwa umemziba shahidi mdomo.

Usiihukumu harufu ya ndani ya kasha kuwa ni ya mti. Makasha yetu yamekaa na udi, na asumini, na dawa ya nondo miaka hamsini. Wengi wameapa kuwa kasha lao ni la mti wa kafuri wa China, na kafuri yenyewe ilikuwa vidonge vya dukani vilivyowekwa na bibi.

Waulize wazee majina yao ya miti, uyaandike: msaji, sesemi, mbambakofi, mvule, mfenesi. Na umwulize fundi wa mahali kitu kilipo, kwani yeye ndiye atakayekwambia kipi kimeongezwa.

Na ukiulizwa mbele ya warithi, au mbele ya mnunuzi, "ubao huu ni wa mti gani?", kumbuka kwamba umeitwa kutoa ushahidi. Useme ulichokiona, na useme umekijuaje. Ikiwa ni mti mnyonge, usione haya kumtaja kwa jina lake. Mimbari bora kuliko zote duniani ilikuwa ya athl.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wakweli katika makubwa na madogo, na atuhifadhie mali za mayatima wetu mikononi mwetu na mikononi mwa wenzetu. Amin.

Wa billahi at-taufiq.